Naomba ushauri: MacBook Air M4, niongeze RAM au hifadhi?

Habari wakuu. Kaka yangu aliyeko Marekani anarudi nyumbani, nimemwagiza laptop ya Apple, MacBook Air yenye chipu ya M4, ya inchi 13. Ilipotoka mwaka 2025, ya dola 999 ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16 na hifadhi (nafasi ya kuweka mafaili) GB 256. Kupandisha RAM hadi GB 24 kulikuwa dola 200, na hifadhi hadi GB 512 dola 200 nyingine. Mfuko unaruhusu kimoja tu.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi za 4K (picha kali sana) kwa programu ya DaVinci Resolve. Mafaili naweza kuyaweka kwenye SSD (diski ya kasi) ya nje, lakini RAM ya mashine hii haiongezwi baadaye, ndiyo maana naielekea zaidi. Mnaohariri kwa GB 16, inakwama mkirekebisha rangi za video? Na GB 256 inawatosha kweli?