Mlango wa dereva wa Beetle unaning'inia: bawaba zinatengenezeka au nitafute mlango mwingine?

MtotoWaChumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Nina Beetle ya 1968 niliyoachiwa na marehemu mzee. Mpaka anaondoka alikuwa hachoki kutukumbusha kwamba Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1962, kana kwamba ni hii yetu ndiyo iliyokimbia. Injini haina neno. Shida ni mlango wa dereva: ukiufungua unashuka milimita chache, na kuufunga sharti uunyanyue kwanza. Mama watoto amegoma kuliendesha.

Fundi wa kwanza alikishusha kile chuma cha loki kwenye nguzo ya nyuma ya mlango. Tukapata wiki mbili za amani. Wa pili aliweka kipande cha mninga kwenye bawaba, akausukuma mlango kwa kifua. Ulipanda kweli, ila rangi ikapasuka pale kwenye bawaba, na sasa umerudi ulipokuwa. Nifanyeje?

bodi_na_rangi:
Tafuta Beetle ya kuchinja, ng'oa mlango na bawaba zake, funga. Kazi ya siku moja.

MzeeKukereza:
Mdogo wangu hapo juu, Beetle ya kuchinja siku hizi bawaba zake zimechoka kuliko za mwenye mada. Utakuwa umehamisha ugonjwa tu.

Kijana wa Tanga, pole. Anza kwa kuhakikisha ni bawaba kweli. Fungua mlango nusu, shika ncha ya nyuma, uupandishe na kuushusha huku mwenzio anatazama. Ikicheza pini ndani ya bawaba, shukuru. Ikicheza bawaba nzima pamoja na bati la nguzo, hiyo ni kutu. Hapo lala chini uligongegonge lile boksi la ubavuni linalopitisha hewa ya moto, maana kwa chumvi ya huko kwenu ndilo huoza mapema. Likioza bodi inalegea, na mlango utashuka hata ukiufunga kwa bawaba za dhahabu.

Tuseme ni pini. Chora mstari wa msumari kuzunguka kila bawaba kwenye nguzo kabla hujafungua chochote, ujue ilikaa wapi. Weka jeki na ubao chini ya mlango. Skrubu za nguzo ni za nyota na hazikubali bisibisi ya kawaida. Tumia ile ya kugonga kwa nyundo, baada ya kuzilowesha mafuta usiku kucha. Ukiziharibu vichwa utanikumbuka.

Mezani, tazama kichwa cha pini kiko upande gani, uigonge kutokea upande wa pili. Ikigoma, pasha moto bawaba, siyo pini. Kisha chungulia matundu. Likiwa bado duara, pini nene kidogo inatosha. Likiwa limekuwa yai, lipanue kwa rima (kifaa cha kupanua tundu libaki duara), gonga bushi ya shaba, yaani kibomba kidogo cha kukaa ndani ya tundu. Drili ya mkononi achana nayo, italifuata hilo hilo yai. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: pini hukaza upande mmoja wa bawaba na kuzunguka upande wa pili. Ukipanua pande zote sawasawa, pini itapanda yenyewe barabarani.

Pini mimi nakereza kutoka shingo ya bolti iliyoandikwa 8.8 kichwani. Nondo hailingani na kazi hii.

MtotoWaChumbageni:
Shikamoo mzee. Boksi ni zima, ni pini zinazocheza. Lakini kucheza kwenyewe ni kidogo mno, hata milimita haifiki. Kweli ndiyo inashusha mlango wote huu?

MzeeKukereza:
Marahaba. Pima umbali kati ya bawaba mbili, halafu pima kutoka bawaba hadi loki. Wa pili ni zaidi ya mara mbili ya wa kwanza, kwa hiyo kila kulegea kunazidishwa hivyo hivyo kule mwisho. Na bawaba ziko mbili.

Ukirudisha, kitoe kabisa kile chuma cha loki na mpira wa mlango. Panga mlango mpaka nafasi ilingane pande zote, ndipo uvirudishe. Mpira mpya unausukuma mlango nje, utadhani umekosea.

MtotoWaChumbageni:
Mrejesho, wiki tatu baadaye. Skrubu moja ilikataa, tukaitoboa. Bawaba ya chini tundu lilikuwa yai, imewekwa bushi. Ya juu pini nene tu. Ile ya zamani ililika katikati mpaka ina kiuno. Kwenye bawaba ya juu nimekuta kitundu kimejaa rangi kavu. Hiki ni cha nini?

MzeeKukereza:
Cha mafuta. Kilikuwa na kizibo cha plastiki. Waliopaka rangi walikiziba, pini ikakauka miaka yote hiyo. Kizibue, tia matone mawili ya oili ya injini kila unapobadilisha oili.

bodi_na_rangi:
Mzee, na mimi nina Peugeot 504 ya hivyo hivyo. Karakana iko wapi?