Tupeane uzoefu: kuifuatilia flapu wodini kwa macho, vidole na dopla

Wadau wa wodi za upasuaji hapa Dar, hasa mnaouguza miguu iliyopondwa na bodaboda na taya zilizotolewa uvimbe: mnaiangaliaje flapu (kipande cha ngozi au nyama kilichohamishwa na mishipa yake ya damu kuziba jeraha) bila kuichoma sindano? Ratiba wengi tunaijua: kila saa kwa saa 24 za kwanza, kila saa 2 siku ya pili, kisha kila saa 4. Damu ikiganda kwenye mishipa iliyoungwa, mara nyingi ni ndani ya siku 3 za mwanzo, na vena (mshipa wa kurudisha damu) huziba zaidi kuliko ateri (mshipa wa kuleta damu). Wekeni yale yanayodanganya.

Nesi wa Zamu
Rangi, mkuu. Vena ikiziba, vitabu vinasema flapu inakuwa zambarau. Kwenye ngozi nyeusi utaona imekolea tu na inang'aa. Ilinganishe na ngozi ya pale ilipotolewa. Ngozi ya paja iliyowekwa shavuni haitafanana na shavu. Taa iwe nyeupe, ile ile kila zamu.

Kisha bonyeza, achia, hesabu. Sekunde 2 hadi 3 ni sawa. Ikichelewa au isirudi kabisa, na flapu imepauka na kulegea, ni ateri. Ikirudi chini ya sekunde 1 huku flapu imevimba na kukaza, hiyo ni vena, na hapa ndipo watu huandika "damu inarudi vizuri" na saa zinapotea. Kidole kikishindwa, bonyeza kwa tundu la mpini wa mkasi: linaacha duara, na duara linavyofutika utaliona.

Mpasuaji K
Nakazia hilo la vena. Flapu ya namna hiyo bado ina joto na dopla bado inapiga, kwa hiyo inaonekana nzima.

Kwenye dopla ya mkononi (kifaa cha kusikiliza damu ikipita), megahezi 8 inatosha. Jeli iwe nyingi, kalamu yake ya kugusia ngozi ilale nyuzi 45 hadi 60, usikandamize. Weka pale pale penye uzi wa alama uliowekwa theata (chumba cha upasuaji). Ateri inapiga kwa mapigo. Vena inavuma kama upepo, na ukiiminya flapu taratibu mvumo unaongezeka. Shingoni kuwa makini sana: kalamu ikiinama kidogo unasikia ateri kubwa ya shingo, flapu yenyewe imeshakufa.

Bi Msaidizi
Joto lisikutulize. Feni ikiielekea, flapu nzima inapoa. Wodi isiyo na AC mwezi wa pili, hata iliyokufa ina uvuguvugu. Tofauti ya nyuzi 2 na ngozi ya jirani ndiyo ya kushtuka.

Swali: Flapu ya msuli iliyofunikwa kiraka cha ngozi je?

Mpasuaji K
Hapo kubonyeza hakukusaidii. Angalia wekundu wa nyama na usikilize dopla. Vifaa vya kusoma oksijeni kwa mwanga wa infraredi ni vya flapu yenye ngozi yake, hubandikwa juu ya ngozi hiyo. Asilimia ya oksijeni ikishuka pointi 20 ndani ya saa moja, mpigie simu daktari.

Nesi wa Zamu
Na wakati unasubiri daktari: legeza bandeji, angalia kamba ya trakeostomi (mrija wa kupumulia shingoni) isibane shingo, dreni (mrija wa kutoa majimaji ya jeraha) isiwe imeziba, pima presha, mgonjwa asile wala kunywa. Msuli hauvumilii kukosa damu zaidi ya saa 4 hadi 6. Makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani, manesi wawili wabonyeze na kusikiliza pamoja, maana "imekolea" ya mmoja si ya mwingine.