Riwaya fupi ya kusoma kwenye foleni ya feri

Kijana wa Likoni
Assalam aleikum. Mimi nalinda ghala Shimanzi na nakaa Likoni, kwa hivyo navuka feri mara mbili kila siku. Nimechoka kupekua simu kwenye foleni. Tangu nitoke shule sijafungua kitabu hata kimoja. Nataka riwaya fupi, ya kuingia mfukoni, lakini iwe na funzo litakalonikaa. Tafadhali nielezeni ilikufunza nini wewe mwenyewe, si yale ya mtihani.

Binti Kisauni
Siku Njema ya Ken Walibora, ilitoka 1996. Msanifu Kombo, waliyembandika jina la Kongowea Mswahili, anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake. Sisi wa Mombasa majina yenyewe yatuvuta: barabara ya Msanifu Kombo twaipita, Kongowea ndiko tununuako mboga. Mimi pia nimelelewa bila baba. Utaimaliza wiki moja.

Kuli Mstaafu
Shamba la Wanyama. Ni kazi ya George Orwell, Kawegere akaitia Kiswahili 1967. Mtazame yule farasi. Kila mambo yakiharibika yeye asema atazidisha bidii, na nguvu zilipomwisha wakubwa wakamuuza akachinjwe. Nimebeba magunia miaka 22, mgongo ukaniisha, nikaambiwa nirudi nyumbani. Ningekisoma nikiwa na umri wako ningejiwekea akiba mapema.

Bi Cherehani
Mwanangu, mimi ni fundi wa nguo, Majengo. Nakwambia Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert, ya 1952. Kitabu chembamba. Kurasa za mwanzo ni sifa za Mfalme Rai, zina Kiswahili cha zamani, vumilia, usikimbie.

Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Amewatendea kila jema, nao wakamtosa baharini kwa wivu. Jini akawageuza manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku, asipowachapa ataadhibiwa yeye. Basi huyu mtu ni liwali, mchana ana heshima zake, usiku ashika mjeledi. Awapiga, naye roho yamuuma.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika. Kakangu aliuza nyumba ya mametu bila kuniambia. Ilikuwa nyumba ya udongo tu, ardhi si yetu, lakini ndimo tulimozaliwa. Miaka mitatu hatukusemeshana. Kila usiku nikizima taa nilikuwa nampangia maneno: nitamwambia hivi, akijibu hivi nitamrudi vile. Asubuhi naamka taya zaniuma kwa kusaga meno. Nilikisoma kitabu kile mwezi wa Ramadhani, magauni ya Idi yamenijaa dukani, nikasimamisha mguu juu ya cherehani. Nikaona mjeledi niushikao ni huohuo, na mimi sikuamriwa na jini yeyote.

Wengine husema riwaya hii ni ya watoto, kwa kuwa ina majini. Siwakubali hata kidogo. Mtoto ataona manyani. Aliyegombana na nduguye ataona mkono unaochapa.

Sikumsamehe siku ile, nisikudanganye. Nilioka mkate wa sinia, nikampelekea kipande kwa mkono wa mtoto wa jirani, nimekifunika kwa leso.

Kijana wa Likoni
Shikamoo Bi. Nimekipata kwa muuza vitabu vya mitumba, kimechanika jalada. Jana nimekisoma foleni nzima hata honi ya feri sikuisikia. Nimefika pale mjumbe wa mfalme anapochungulia usiku. Lakini mbona Adili hakuwaacha tu wale ndugu? Mimi ningetoroka. Na kakako je, alikula ule mkate?

Bi Cherehani
Marahaba mwanangu. Torokea wapi, na wale ni nduguze? Endelea, utaona mfalme akiliingilia jambo lile, na ulipoishia mjeledi.

Sahani ilikaa kwake siku nne. Wajua desturi yetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Siku ya tano akaileta mwenyewe, ndani mna ndimu sita za mti wa mama. Mti huo aliukatia tawi kabla ya kuuza, akaupanda kwake Bamburi, nami sikujua. Akasimama mlangoni, hakuingia, akaniuliza kama bado nashona kanzu. Nikamwambia nashona. Nikachukua kamba ya kupimia.

Binti Kisauni
Bi, duka lako liko upande gani wa Majengo? Nina kitambaa.