Nimefagia stoo imejaa mavi ya panya, sasa nina homa. Naombeni ushauri

MkulimaLugari: Mulembe wadau. Jumamosi tulifungua stoo ya marehemu baba juu tunataka kuweka mahindi ya msimu huu, ilikua imefungwa tangu mwezi wa pili. Harufu ya mkojo wa panya inakutoa machozi, mavi yametapakaa ka punje za wimbi mweusi, na ndani ya gunia moja kiota cha maganda na watoto wa panya wekundu hata macho hawajafungua. Nikachukua ufagio nikafagia kavu kavu bila kufunga hata leso puani, vumbi likajaa mpaka tochi ya simu haionyeshi ukuta, na vijana wangu wawili walikua wananishikia magunia. Leo siku ya sita, kichwa kinagonga, mapaja na kiuno vinauma, homa. Dispensari wamepima malaria hakuna, wakanipa dawa ya maumivu. Mambo ya panya sikuwaambia. Usiku nikasoma kwa simu ati kuna virusi vya panya vinaua mtu kwa mapafu, sijalala. Nifanye nini?

WaMolo: Pole ndugu. Huku Molo tunafagia hivyo kila mwaka na tuko sawa. Pumzika, kunywa uji, itaisha.

KlinikoKijijini: WaMolo, tafadhali usimwambie hivyo, mtu ana homa na malaria hakuna. Mkulima, mimi ni klinikal ofisa. Ulichosoma nadhani ni hanta, ile ilijulikana sana Marekani 1993, mtu anavuta vumbi la mkojo na mavi makavu ya panya. Huchukua kama wiki moja hadi nane ndio mtu augue, na ile ya mapafu ni ya huko Marekani na Amerika Kusini. Afrika pia hanta zipo, moja ilipatikana kwa panya wa msitu Guinea, na ile inaitwa Seoul husafiri na panya wakubwa wa kahawia dunia nzima, hio hushika figo. Lassa nayo, homa nyingine ya virusi vya panya, ni ya Afrika Magharibi. Yule panya wa chuchu nyingi anayeibeba hata huku yuko, lakini kule Morogoro Tanzania walimkuta na kirusi kingine, ndugu yake Lassa, na hakijulikani kuleta ugonjwa kwa watu. Kwa hivyo usife na hofu, lakini rudi hospitali LEO, kubwa kidogo ya hio dispensari, na neno la kwanza useme "nilifagia mavi ya panya". Ukiona pumzi inakua fupi, mkojo umepungua, macho ya njano ama damu, usingoje asubuhi.

NyarKano: Naongeza leptospira. Si virusi, ni bakteria, lakini inatoka kwa mkojo wa panya hao hao. Shemeji yangu alikua anapalilia mpunga huku Ahero miguu mitupu ana kidonda kisigino, akapewa dawa za malaria mara mbili, mpaka macho yakawa ka manjano ya pilau ndio mtu akauliza anafanya kazi gani. Alipona juu hio ina antibiotiki. Waulize pia hio kaka.

MkulimaLugari: Nimerudi wadau. Nilisema ya panya, daktari akaweka kalamu chini akaanza kuuliza upya. Wametoa damu ya kupima figo na ini, nimeanzishwa doksi, ile antibiotiki. Homa imeshuka leo lakini majibu mengine bado. Vijana wako sawa, napima joto asubuhi na jioni. Stoo nimefunga, nusu bado chafu. Namalizaje?

KlinikoKijijini: Afadhali. Wewe usiingie, tafuta mtu mzima mwenye afya. Afungue mlango na madirisha atoke, akae nje nusu saa. Maski, glavu, gambuti. Jiki kipimo kimoja maji tisa, anyunyize polepole mpaka mavi yalowe chapachapa, angoje dakika tano, afute na matambara, azike ama achome. Ufagio mkavu hapana. Na jiki asichanganye na dawa ya choo, ule moshi ni sumu. Alafu zibeni mashimo na waya na simiti, hata tundu la kidole panya mdogo anapita.

MkulimaLugari: Na yale mahindi walikojolea? Mama anasema tuoshe tuanike.

KlinikoKijijini: Mwambie mama pole, najua ni jasho lenu. Magunia yaliyotobolewa na kulowa mkojo msile, hata kuku msiwape. Yale mazima toeni nje juani muyakague moja moja, na mwenye kushika avae glavu.

NyarKano: Majibu ya figo yakitoka tuambie kaka.