Trader Joe's: mbona wengine wanaliapia na wengine hawataki hata kulisikia?

Mgeni wa Jiji:

Wadau, habari za humu. Naomba ufafanuzi kuhusu hili duka la Trader Joe's huku Marekani. Ukiuliza mahali pa kununua chakula unapata majibu mawili yasiyokutana. Mmoja anakwambia hapo ndipo penyewe, bei nafuu na vitu vitamu. Mwingine anakwambia ni kelele tupu: maegesho ni vita, nusu ya mahitaji hayapo, na kile ulichokizoea wiki ijayo hukikuti.

Maswali yangu: bei inashukaje hivyo? Kwa nini nyanya zinafungwa kwenye plastiki? Kwa nini bidhaa zinapotea? Ni kweli kwamba ni Aldi, yale maduka ya Kijerumani ya bei nafuu, kwa jina lingine? Na je, familia ya watu wanne inaweza kufanya manunuzi ya wiki nzima hapo, au ni duka la kupitia tu? Oveni ipo, friza ni ya kawaida. Naomba majibu ya kina, si "lipo poa tu".

---

Rafu ya Juu:

Mkuu, shika namba moja tu: 4,000. Hiyo ndiyo idadi ya bidhaa, kwa makadirio, zinazokaa kwenye duka moja la Trader Joe's. Supermarket ya kawaida ya Marekani ina 30,000 na kuendelea. Mengi uliyouliza yanatokea hapo.

Ukiwa na bidhaa chache, kila moja inauzwa kwa wingi. Badala ya kugawa wateja wako kwa aina thelathini za siagi ya karanga, unawaletea chache, na unamwendea mwenye kiwanda na oda kubwa ya kitu kimoja. Zaidi ya 80% ya bidhaa zao zina nembo ya duka lenyewe, kwa hiyo hulipii matangazo ya televisheni ya kampuni nyingine. Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: supermarket nyingi za huko humtoza mzalishaji ada ili bidhaa yake ipate nafasi kwenye rafu. Trader Joe's wanasema hawatozi ada hiyo. Ada ya namna hiyo mwishowe humwangukia mnunuzi.

Hawana kadi ya uanachama, hawatoi kuponi, hawana wiki ya ofa. Bei iliyo kwenye kibao ni ya kila mtu. Wapo wanaolipenda duka kwa hilo peke yake, maana hujihisi mjinga kwa kusahau kadi nyumbani. Wapo wanaolichukia kwa hilo hilo: mtu aliyezoea kuwinda punguzo na kujaza stoo hapa hana la kuwinda.

Sasa kwa nini kitu kinapotea? Rafu ni fupi. Bidhaa mpya zinaingia mwaka mzima, na kila inayoingia lazima imtoe mwenzake. Kinachouzika polepole kinaondolewa, hata kama kina mashabiki wa kufa na kuzikana. Kingine hutolewa kwa sababu gharama ya kukitengeneza imepanda, na vingine ni vya msimu tangu mwanzo, kama vile mafuriko ya vitu vya maboga kila vuli. Kwa kuwa nembo ni yao, ukikikosa pale huwezi kukipata kwingine kwa jina lile. Hiyo ndiyo inayouma. Ukiona kitu cha msimu unakipenda na kinahifadhika, chukua vitatu.

Kuhusu Aldi: si duka moja, ila damu ipo. Joe Coulombe alianza na vijiduka vya Pronto Markets mwaka 1958, kisha akafungua Trader Joe's ya kwanza Pasadena, California, mwaka 1967. Alilenga watu waliosoma lakini mishahara haijawafuata: wanajua jibini nzuri, hawana hela ya kuichezea. Mwaka 1979 aliuza kwa Theo Albrecht wa Aldi Nord, Ujerumani. Akina Albrecht walikuwa wawili na walishagawana biashara: Theo kaskazini, Karl kusini. Maduka yanayoitwa Aldi ndani ya Marekani ni ya upande wa kusini. Kwa hiyo Aldi ya Marekani na Trader Joe's ni kama watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Wanafanana sura, kila mmoja na nyumba yake.

---

Bila Mizani:

Naongezea la plastiki, maana watu hulisemea bila kujua linaanzia wapi. Angalia kaunta ya malipo: hakuna mizani. Keshia hapimi kitu. Kila bidhaa ama ina msimbo wa kuskani, ama inauzwa kwa idadi. Ndizi zinauzwa moja moja. Kwa miaka mingi ilikuwa senti 19, ikapanda hadi 23 mwaka 2024, na ikawa habari ya magazeti, amini usiamini.

Kuondoa mizani kunaharakisha foleni kweli. Lakini ili uuze nyanya, uyoga au maharage mabichi bila kupima, lazima uyapime mapema na kuyafunga. Ndiyo maana ya trei na mifuko. Kampuni imeshaahidi kupunguza plastiki, na baadhi ya mboga zimetolewa kwenye vifungashio, ila muundo wa kaunta ukibaki vile vile, sehemu kubwa itaendelea kufungwa.

Hasara kwa mnunuzi ni mbili. Kwanza huchagui: ukitaka vitunguu viwili unachukua mfuko. Pili, unyevu unabaki ndani. Kwa hiyo kagua hivi:

Saladi ya mfuko: inyanyue uiangalie kwenye mwanga. Matone ndani ya plastiki na jani lililokolea kijani kama lililochemshwa, rudisha. Tarehe nayo, chukua mfuko wa nyuma. Ukifika nyumbani weka karatasi kavu ya jikoni ndani ya mfuko, inanyonya maji na unaongeza siku mbili hivi.

Matunda madogo ya boksi, kama stroberi: geuza boksi juu chini. Doa la maji ya tunda kwenye sakafu ya boksi maana yake la chini limeshaoza, na ukungu utahamia kwa majirani kabla ya kesho kutwa.

Kengele unazozisikia si mapambo. Moja: fungueni kaunta nyingine. Mbili: keshia ana swali, au kuna kitu cha kufuatiliwa. Tatu: meneja anahitajika. Ukisikia moja, tembea kuelekea kaunta zenye taa isiyowaka. Hapo ndipo foleni mpya inapozaliwa.

---

Mpinzani wa Foleni:

Tusilipambe sana. Mnunuzi wa familia ya watu wanne akienda pale na orodha kamili atarudi na nusu. Hakuna kaunta ya bucha ya kukatiwa nyama unavyotaka. Nyama yote imeshafungwa. Hakuna duka la dawa ndani. Nepi, vyombo vya jikoni na sabuni za chapa uliyozoea, sahau. Vifungashio vyenyewe ni vidogo, vya mtu mmoja au wawili. Bei inaonekana ndogo kwa sababu pakiti ni ndogo: gawanya bei kwa uzito kabla hujashangilia. Wakia 12 ni gramu 340, na watoto wawili wanaimaliza pakiti hiyo kwa kikao kimoja.

Maegesho: duka ni dogo, na katika miji mingi idadi ya nafasi za magari hukadiriwa kwa ukubwa wa jengo, si kwa wingi wa wateja. Ukiwa na jengo dogo lenye wateja wengi kuliko kawaida, hesabu haitoki. Hilo halitatatuliwa na mhudumu mwenye tabasamu. Jumapili mchana ndiyo mbaya kuliko zote. Nenda katikati ya wiki, mara tu milango inapofunguliwa, au usiku kuelekea kufunga. Usiku kuna tatizo lake: mikate na maua vinakuwa vimekwisha, kwa sababu duka halina stoo kubwa nyuma, linategemea mzigo unaoshushwa mara kwa mara. Muulize mhudumu mzigo unaingia saa ngapi, atakwambia bila shida.

Hakuna kaunta za kujihudumia, hakuna kuagiza mtandaoni, na hawapeleki nyumbani. Kwa mzee au mgonjwa asiye na gari, hilo linatosha kuliacha.

Mvinyo pia, kwa wanaotumia: ule wa Charles Shaw ulioingia mwaka 2002 kwa dola 1.99 hauko kila tawi, maana sheria za pombe ni za kila jimbo. Jimbo la New York, kwa mfano, haliruhusu duka la vyakula kuuza mvinyo.

Na mwaka 2023 walirudisha bidhaa kadhaa ndani ya wiki chache: biskuti na falafel (vibonge vya dengu vya kukaanga) zilizohofiwa kuwa na vijiwe, supu ya brokoli yenye uwezekano wa wadudu, biskuti za chumvi zenye uwezekano wa vipande vya chuma. Kurudisha bidhaa si ajabu katika biashara ya chakula. Ila nembo ikiwa moja kwa viwanda vingi, kosa la kiwanda kimoja linachafua jina zima. Soma tangazo lao na ulinganishe tarehe iliyo kwenye pakiti yako kabla hujatupa friza yote.

---

Oveni Moto:

Mpinzani yuko sahihi kwenye nyama na pakiti ndogo. Lakini nguvu ya hilo duka iko kwenye friza, na huko wengi wanaharibu wenyewe kisha wanalaumu duka.

Mfano mzuri ni gnocchi ya koliflawa, vile vidonge laini vya Kiitaliano. Wanaoichukia karibu wote wameiweka maji. Koliflawa tayari imejaa maji. Ukiongeza mengine unapata uji mzito unaonata kwenye meno. Usiiyeyushe. Washa oveni nyuzi 220 za Selsiasi (425 za Farenhaiti) na uache trei ipate moto humo ndani. Itoe, paka mafuta kijiko kimoja na nusu, mwaga gnocchi ikiwa bado barafu, tandaza isigusane. Dakika 12, geuza, dakika nyingine 10 hadi 12. Upande wa chini uwe na rangi ya kahawia na unapougusa kwa uma usikike ukikwaruza. Zikirundikana zinatoa mvuke na kupikana zenyewe, umerudi kwenye uji. Mchuzi weka mezani, si kwenye trei.

Kuku wa Mandarin Orange: pakiti ni wakia 22, gramu 624 hivi, na ndani kuna vifuko viwili vya mchuzi. Kosa la kwanza ni kumwaga vyote viwili. Ni sukari nyingi, kimoja kinatosha, kingine kiweke. Kosa la pili ni kuchanganya mapema. Kuku aive kwa oveni ya nyuzi 200 kama dakika 20 hadi ganda liwe kavu, mchuzi upashwe pembeni, vikutane dakika ya kula. Kwa watu wanne, pakiti moja inafika kama kuna wali na mboga ya pembeni.

Mpango wa familia ya wanne ni huu: karanga, korosho, chokoleti nyeusi, jibini, kahawa, mafuta ya zeituni na vitu vya friza chukua pale, mara moja kila wiki mbili. Nyama, unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni nunua kwenye duka la vifungashio vikubwa. Mboga chukua pale zile tu utakazopika ndani ya siku tatu. Kwenye matawi ya mijini foleni hupita katikati ya duka, kwa hiyo vya friza vichukue mwisho, au umwombe mwenzio avifuate ukikaribia kaunta.

Na kama hukuipenda bidhaa, irudishe hata kama imefunguliwa. Wanarejesha hela, risiti ikiwepo ni haraka zaidi. Pia unaweza kumwomba mhudumu akufungulie kitu uonje kabla ya kununua, mradi si cha kupikwa kwanza wala pombe. Hii ndiyo sababu watu wanathubutu kujaribu vitu vya ajabu pale.

---

Mgeni wa Jiji:

Asanteni sana, mmenifungua. Swali la mwisho: kile kiungo maarufu cha kunyunyiza, Everything but the Bagel, kinafaa kubeba kama zawadi ya kwenda nyumbani? Safari inapitia Dubai.

---

Bila Mizani:

Usikibebe, mkuu. Ndani kuna ufuta mweupe na mweusi, kitunguu saumu, kitunguu maji, chumvi, na mbegu za popi. Marekani mbegu hizo ni za mikate tu. Umoja wa Falme za Kiarabu wamezipiga marufuku, hata zikiwa juu ya mkate, kwa sababu zinatoka kwenye mmea wa afyuni. Korea Kusini nako chupa hizo hunyang'anywa uwanja wa ndege.

Changanya mwenyewe ukifika: ufuta vijiko vikubwa viwili, vipande vikavu vya kitunguu saumu kijiko kikubwa kimoja, vya kitunguu maji kimoja, chumvi ya chembe kubwa vijiko vidogo viwili. Ufuta ukaange kikavu kwa moto mdogo hadi uanze kurukaruka, uache upoe kabisa ndipo uchanganye. Ukichanganya ukiwa wa moto, mvuke unalainisha vile vikavu na chupa nzima inagandamana.