Fonti koza ya mlazo kwa jina la boti: Montserrat, Open Sans au Helvetica?

KibaoNg'ambo: Assalaam aleikum wadau. Kazi ni stika ya kukata, jina la boti pande zote mbili, kimo cha herufi sm 20. Mwenye boti anataka herufi nene (koza) zilizolala (mlazo), zisizo na vikia, yaani vijistari vya nchani. Ipi kati ya hizo tatu inasomeka kutoka gatini?

BintiMkunazini: Waalaykum salaam. Tazama "a" kwanza. Open Sans ikilazwa, "a" hubadilika umbo, inabaki duara na mguu kama ya mwandiko wa mkono. Kitabuni inapendeza. Ikikozwa na kutazamwa kwa mbali, duara na mguu hushikana, mtu anasoma "o". Lugha yetu imejaa a, na "Pemba" ikigeuka "Pembo" kazi imeharibika. Montserrat na Helvetica huinamisha tu, "a" inabaki na ghorofa zake mbili, kitumbo chini na kipinde juu.

FundiWete: Kweli, ila Montserrat pana hiyo! Jina refu halienei. Na usiibane kwa kuivuta pembeni: nguzo za wima zitakonda, mistari ya ulalo ibaki nene. Bora upunguze kimo. Kanuni ya vibao ni kimo cha sm 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, kwa hiyo sm 20 husomeka kwa raha mita 24. Helvetica inaenea vizuri zaidi, lakini ya kulipia, na kompyuta ya Windows isiyokuwa nayo huweka Arial kimyakimya. Geuza herufi ziwe michoro kabla ya kutuma faili.

BintiMkunazini: Na sakinisha faili ya koza-mlazo yenyewe. Ukiwa na ya wima tu ukabonyeza kitufe cha mlazo, programu huisukuma kando: "o" inavimba kona moja na kukonda nyingine.

OmoNaTezi: Yakhe, mmesahau ubavu. Mlazo huinamia kulia. Ubavu wa kulia wa boti, omo (mbele ya chombo) iko kulia kwa mtazamaji, herufi zinakimbia na chombo. Ubavu wa kushoto zinaegemea tezi (nyuma), kama boti inarudi nyuma. Daladala nazo vivyo hivyo. Kuna wanaozilaza kinyume upande huo. Mimi naona zinachusha. Mwenye chombo aonyeshwe pande zote mbili kwenye karatasi kabla kisu hakijagusa stika.

KibaoNg'ambo: Shukrani. Na jina likiwa herufi kubwa tupu?

FundiWete: Hapo hoja ya "a" inakufa, hata Open Sans yafaa. Ongeza nafasi kati ya herufi, na uangalie M, N na W, maana zikikozwa pembe zake za ndani huziba. Pembe kali za miguuni ndizo zinazobanduka kwanza kwa maji ya chumvi. Zifanye za mviringo, kama mm 1. Ubao ufute kwa spiriti, ukauke kabisa. Na kama jina lina ng', kile kialama kikate kikubwa kidogo, kidogo mno hung'oka pamoja na mabaki wakati wa kubandua stika isiyotakiwa.