Natumia insulini na naendesha lori Dar–Tunduma. Hivi kuna mahali mtu anafundishwa kuishi na sukari?

Utingo Mstaafu

Wakuu, habari za mihangaiko. Mimi ni dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma na kurudi, mwaka wa 16 huu. Sukari niligundulika nayo miaka minne iliyopita. Nilianza na vidonge, halafu mwezi Machi wakanihamishia kwenye sindano, ile ya mchanganyiko yenye rangi ya maziwa. Yuniti 18 asubuhi, 12 jioni. Nesi alinionyesha kuvuta dawa na kujichoma tumboni, akasema usile vya sukari, punguza wanga, rudi baada ya mwezi. Maelezo yote hayakufika dakika tano maana benchi nyuma yangu lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Simlaumu.

Sasa wiki iliyopita nimelala Morogoro. Saa kumi na mbili asubuhi nikajichoma 18 zangu, nikanywa chai ya rangi na chapati moja nikijua nitakula vizuri Mikumi. Mbele kule hifadhini kuna semi imelala barabarani, foleni masaa matatu. Hakuna mama ntilie pale, kuna nyani tu. Njia ilipofunguka nikakanyaga kufidia muda, Mikumi mjini nikapita bila kushuka.

Nakaribia Ruaha Mbuyuni jasho likaanza kunitoka, jasho la baridi, mikono inatetemeka kwenye usukani, gari la mbele naliona mawili. Nikasema hii malaria. Utingo wangu, kijana wa miaka 22, ndiye aliyeniambia, "Bro, weka pembeni, unaongea vitu havieleweki." Nikasimama kwenye vibanda vya vitunguu. Akaninunulia soda nikanywa yote, na taratibu dunia ikarudi. Mbele yetu ilikuwa Kitonga, mlima wa kona kali, na nyuma nimebeba saruji tani 28.

Nauliza wenye uzoefu. Kazi yangu haina saa ya kula, kuna mizani, kuna foleni, na Tunduma unaweza kulala siku mbili unasubiri kuvuka. Sindano niichome saa ngapi? Dawa niiweke wapi, maana kabini mchana ni tanuri? Na kuna mahali mtu anafundishwa haya kwa utulivu, au wote tunajifunza kwa kuponea chupuchupu?

Mizizi Asilia

Mkuu hizo sindano zitakumaliza. Nina unga wa mizizi, wiki tatu tu unasahau kabisa habari za sukari. Nicheki pembeni.

Mwalimu wa Same

Wewe wa mizizi, kaka yangu alimsikiliza mtu kama wewe. Aliacha sindano Jumatatu, Ijumaa tukamkimbiza hospitali anahema kama aliyepandishwa mlima mbio, pumzi inanuka matunda yaliyoiva sana. Alipona. Unga wako uza kwingine.

Dereva, mwanangu, pole. Ile haikuwa malaria, sukari ilishuka. Sindano hiyo ya maziwa haijui foleni: ukishaichoma inaanza kazi, umekula hujala. Mimi ninayo miaka 11 na sukari yenyewe miaka 19, na kanuni yangu ni moja, sijichomi mpaka nijue sahani iko wapi. Si "nitakula Mikumi". Chakula kiwe kimeshaiva, nakiona, ndipo nachoma, na ndani ya nusu saa niwe nakula. Tena chapati moja na chai ya rangi kwa yuniti 18 si chakula, mwanangu. Na saa nne asubuhi natafuna kitu kidogo, ndizi au kipande cha muhogo, kwa sababu dawa bado inafanya kazi.

Umeuliza unafundishwa wapi. Nimefundisha darasa la tatu miaka 30, basi nikajifundisha kama nilivyowafundisha watoto. Nilichukua kaunta buku nikapiga mistari: tarehe, saa, nilichokula na kiasi gani, sukari kabla, sukari saa mbili baada ya kula. Stripu, vile vijikaratasi vya mita ya kupimia sukari, ni ghali, sipimi kila mlo. Nachagua chakula kimoja kwa wiki, nakiandama kama mwanafunzi mtoro mpaka kiseme ukweli.

Nikupe mfano. Kila mtu aliniambia nile dona, dona haina neno. Nikala dona kwa kipimo changu cha zamani, kile cha kukufanya ulegeze kanga. Kabla 7.1, baada 13.4 (namba za mita, mmol/L). Wiki iliyofuata nikala dona ileile, donge la ukubwa wa ngumi yangu, mchicha nusu sahani, dagaa. Kabla 6.8, baada 9.2. Dona ni ileile! Kilichobadilika ni mkono unaomega. Halafu nikakiandama kikombe changu kikubwa cha uji wa lishe, bila sukari hata chembe, uji niliokuwa najisifia. 14.6. Nilikaa jikoni nikakitazama kile kikombe kama mtu aliyeniibia.

Daktari ananiona dakika chache kila baada ya miezi miwili. Siku zilizobaki niko peke yangu na sufuria. Nikienda na daftari, hata yeye anaongea na mimi vingine, anabadilisha dozi akiona namba badala ya kukisia.

Zamu ya Usiku

Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya sukari mkoa ambao sitautaja. Naongezea ya barabarani tu maana ya chakula umeyamaliza.

Dereva, pima kabla ya kuwasha gari, kila safari, kisha kila baada ya saa mbili ukiwa njiani. Ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Ikiwa chini ya 4, hapo imeshuka, na huendeshi. Weka pembeni, zima, toa ufunguo, hama kiti cha dereva. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari, nimewahi kuletewa mgonjwa aliyepewa hiyo), au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kushika tumbo. Na hata ukijisikia mzima, usishike usukani mpaka zipite dakika 45 tangu sukari irudi sawa, kwa sababu ubongo unachelewa kurudi kuliko mikono. Karanga ni nzuri kwa njaa, lakini sukari ikishuka hazisaidii, zinachelewa tumboni.

Dawa: ambayo hujaifungua ikae kwenye friji. Unayoitumia inavumilia joto la kawaida la chumbani wiki nne, ila si joto la kabini. Dashibodi ni marufuku, stripu nazo zinaharibika hapo. Isigusane na barafu pia, ikiganda ni ya kutupa. Kabla ya kuvuta, iviringishe taratibu viganjani mpaka iwe maziwa sawasawa. Ukiona madonge au imeng'ang'ania kwenye kioo, usiitumie.

Papasa tumbo lako. Kuna mahali pamevimba kama mto mdogo, pasipouma? Wengi wanachoma hapohapo kila siku kwa sababu hapaumi, na dawa inaingia ovyo. Hamahama.

Na miguu. Joto la injini linapanda kwenye pedeli, dereva mwenye ganzi anaungua bila kujua. Acha kandambili. Kila usiku mulika nyayo kwa tochi ya simu, na katikati ya vidole. Kiatu kipige chini kabla ya kukivaa. Nimewahi kutoa kizibo cha soda kwenye kiatu cha mzee aliyekitembelea kutwa.

Kuhusu kufundishwa: kwetu siku ya kliniki tunawaketisha watu kumi kumi kabla daktari hajafika. Anayeongea zaidi si mimi, ni mgonjwa wa siku nyingi. Uliza kliniki yako. Kama hawana, ombeni watu watano pamoja. Mkiomba watano mnasikilizwa.

Kipusa wa Changamwe

Mimi niko Mombasa, napiga Malaba. Sukari mwaka wa saba. Dereva mwenzangu, angalia vile vinywaji vya kukesha. Nilikuwa nameza viwili kila usiku. Siku moja nikasoma kopo: nusu lita, gramu zaidi ya 50 za sukari! Hivyo ni vijiko kumi na zaidi, halafu mie nashangaa mbona asubuhi mita yasoma 17. Dawa yangu naitia kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana, naisuuza kwa maji baridi kwanza, nafunga nyuma ya kiti penye kivuli.

Utingo Mstaafu

Shikamoo mwalimu, nesi asante, Mombasa nimekusoma. Nimerudi jana. Mama ntilie wa Ruaha Mbuyuni nimemwambia apunguze wali nusu, aongeze mchicha na maharage, bei ileile. Kanicheka, kaniuliza kama mke amenifukuza, lakini kapakua.

Makambako mizani nimepima 4.6, najisikia mzima kabisa, siku nyingine ningeondoka. Nimekula ndizi mbili, nimekaa. Malori matano yamenipita. Mita sasa anaishika utingo, na ufunguo hanipi mpaka aone namba. Anajifanya trafiki. Daftari nimenunua Mafinga, ukurasa wa kwanza huu hapa:

Jumanne, Ruaha Mbuyuni, wali nusu, maharage, mchicha. Kabla 7.9. Baada 10.3.
Jumatano, Tunduma, chipsi mayai. Kabla 8.2. Baada 15.8.

Mwalimu wa Same

Marahaba. Umeandika "baada" bila kuandika saa ngapi baada. Na chipsi sahani ya ukubwa gani? Rudia.